Nitakaa Chini ya Meza

3 Machi

Kelele wangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, na mimi siku hizi napenda kumaliza mambo mapema. Nakuandikia barua kwa sababu simu na mimi tumeachana. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linasikia linachotaka. Juzi dada wa duka la dawa alinipigia kuniambia dawa zangu zimefika, nikamjibu kwamba na mimi namtakia yeye hivyo hivyo, pamoja na familia yake. Sasa nikipita pale wanainama nyuma ya kaunta wacheke.

Haya, kaa kitako, kuna habari. Stesheni ya televisheni wamenikumbuka! Walikuwa wanasafisha stoo ya kanda za zamani wakakutana na mchezo wangu wa "Chombo Namba Tisa". Sehemu zote ishirini na sita zimeharibika isipokuwa moja, na hiyo moja ni "Binti wa Chombo Tupu", ile iliyoniletea ngao. Wewe hukuiona. Mama yako aliniambia umeme ulikatika shuleni kwenu siku hiyo, nikasikitika sana. Basi nikusimulie kwa ufupi. Wanaanga wanakuta chombo kinaelea bila rubani, ndani yake yumo binti wa miaka kumi na mitano, peke yake, kalelewa na mashine ambayo haikuwahi kumkatalia kitu. Wanamchukua. Lakini binti hana adabu, hajui kuchekwa wala kunyimwa, na kila anayemcheka au kumnyima, anamwondolea sauti. Mpishi anakuwa bubu, daktari bubu, fundi bubu. Mwisho Nahodha anamrudisha kwenye chombo chake na kumfungia mlango. Pale mlangoni binti anaomba, mlango unafungwa, basi. Nchi nzima ililia.

Sasa tatizo. Dakika nne za mwisho sauti imeliwa na ukungu. Picha safi, mdomo wa binti unacheza, husikii kitu. Mswada wangu uliondoka na maji bomba lilipopasuka, na yule mwigizaji ni marehemu. Nimejipekua kichwani mpaka nimechoka. Nakumbuka watu walivyolia, ila alisema nini, sikumbuki! Hapo ndipo nilipojipiga kofi la paji la uso: mimi si nina mpwa anayefundisha watoto viziwi mwaka wa ishirini na ngapi sijui, anayesoma midomo ya watu hata walio ng'ambo ya barabara?

Nimekuwekea diski humu ndani. Wewe niandikie tu anachosema, wao watatafuta msichana wa kuingiza sauti. Itarushwa tarehe 28 Aprili na mimi nitahojiwa kabla yake. Koti nimeshalipeleka kwa dobi.

Wako,
Mjomba


14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua na diski nimepata. Pole kwa masikio. Nenda hospitali ukapimwe, usingoje yafe yote mawili. Vipo vifaa vizuri siku hizi, vidogo, wala havionekani. Nimekuandikia jina la kliniki nyuma ya karatasi hii.

Nimeitazama ile sehemu ya mwisho. Bahati mbaya binti kageuza uso na taa ni hafifu, midomo haisomeki. Sitaweza kukusaidia. Tuko kwenye mitihani pia, na nina darasa la watoto kumi na wanne.

Nashauri waionyeshe bila sauti.

Mpwa wako,
Mwalimu


22 Machi

Kelele wangu,

Wewe nawe! Nimekaa na diski yangu na miwani yangu miwili, mmoja juu ya mwingine. Binti kaikabili kamera uso kwa uso, na taa iliyommulika ingetosha kuanikia nguo. Kama una kazi nyingi ungesema una kazi nyingi, mimi si mtu wa kununa. Kwa kweli nilinuna siku mbili, ila imepita.

Na huenda umenifanyia hisani bila kujua. Mtayarishaji wao, kijana mmoja mchangamfu ambaye alikuwa hajazaliwa tulipopiga picha ile, ameniambia: Mzee, si uandike maneno mapya? Mradi yaingie mdomoni. Nimekaa mezani asubuhi tatu nikihesabu mdomo unavyofunguka na kufunga. Nimepata haya:

"Mna haki kunirudisha. Mimi ni hatari kwenu. Fungeni mlango, msinionee huruma."

Yanaingia, karibu yote. Nikwambie ukweli, nadhani ni bora kuliko yale ya zamani, yoyote yaliyokuwa. Nahodha anabaki msafi, binti anaonekana amekua na kukubali makosa yake, mtazamaji analala vizuri. Zamani tulipenda kuwaacha watu na donge rohoni. Nikiwa na umri huu sioni faida yake.

Wewe ni mwalimu, umeshika watoto watundu maisha yako yote. Unaonaje? Na ukiweza kuja kwenye mahojiano nitakuwekea kiti cha mbele, niwaambie watu: huyu ndiye mtoto aliyekua akicheza chini ya meza yangu nikiandika.

Wako,
Mjomba


29 Machi

Mjomba,

Nilikudanganya. Midomo inasomeka. Mtoto wa darasa la kwanza hapa shuleni angeisoma akiwa anafunga kamba za viatu. Ila mimi sikuhitaji kuisoma. Nilizima kabla hajafungua mdomo, kisha nikawasha tena, nikamtazama mpaka mwisho. Anasema:

"Nimeacha. Kuanzia leo nimeacha. Nitakaa chini ya meza, hamtanisikia."

Hayo ndiyo maneno yako yaliyoliza nchi nzima. Mjomba, kweli hukumbuki uliyatoa wapi?

Basi nikukumbushe. Gari lako la kijivu, nje ya geti la shule ile waliyosema ya marekebisho. Hukuzima injini. Sanduku langu ulishaliteremsha na mlinzi alishalishika. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na mwezi mzima uliotangulia nilikuwa nimevunja sahani, nimempiga mtoto wa jirani kwa fimbo ya pazia, na nimemwagia maji ya sabuni taipureta yako ikiwa na karatasi ndani. Sikatai hata moja. Baba alikuwa ameondoka na hakuna mtu mzima aliyekaa akaniambia kama atarudi au harudi. Mlikuwa mnanyamaza nikiingia chumbani, wewe na Mama, nami nilitaka mtu apige kelele na mimi. Nilikushika mkono wa shati pale getini nikakwambia: Mjomba, nimeacha, kuanzia leo nimeacha, nitakaa chini ya meza, hutanisikia. Chini ya meza yako, nilikokuwa nakaa nikiwa mdogo unapiga taipureta. Ndipo mahali pekee katika nyumba ile ambapo sikuwahi kufukuzwa. Wewe ukanibandua vidole kimoja kimoja, ukasema, "Jumamosi nitakuja." Siku ya kutembelewa ilikuwa Jumamosi tu. Hukuja, si ile wala zilizofuata, nami kwa hasira sikumwandikia Mama hata mstari.

Na umeme haukukatika. Nilimwambia Mama hivyo. Ngoja nikueleze siku ile ilivyokuwa, maana miaka thelathini na moja nimeibeba peke yangu.

Nilikuwa nimeshawatangazia bweni zima kwamba mjomba wangu ndiye mwandishi wa "Chombo Namba Tisa". Hawakuniamini. Nikaomba ruhusa kwa matroni, nikapanga mabenchi ya ukumbi mwenyewe, nikafuta kioo cha televisheni kwa kitambaa changu cha kichwa. Jina lako lilipotokea nilisimama nikawageukia. Nilikuwa na fahari, Mjomba. Pengine ni siku pekee katika shule ile niliyojiona mtu. Kisha nikakaa nikakuona unavyoniona. Mtoto asiye na adabu. Mtoto anayeondolea watu sauti. Na mwisho nikasikia maneno yangu yanatoka kinywani mwa msichana mwingine, na ukumbi mzima ukilia.

Kesho yake wakaanza utani. Ukimkanyaga mtu kwenye foleni ya chakula, unasema, "Nimeacha, nitakaa chini ya meza." Ukichelewa darasani, hivyo hivyo. Muhula mzima. Hakuna aliyejua ni yangu. Na unajua mimi nilifanya nini? Niliyasema kuliko wote. Nilikuwa naingia kweli chini ya meza ya bwalo, nalia kwa sauti ya yule binti, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hilo ndilo ninaloonea aibu mpaka leo, hata kuliko taipureta. Wewe uliyauza mara moja. Mimi niliyauza kila siku, kwa kicheko.

Sasa unataka kumwekea kinywani "mna haki kunirudisha". Watoto wangu kumi na wanne watakuwa mbele ya televisheni siku hiyo kama watoto wote. Wao hawasikilizi msichana wa kuingiza sauti, wanatazama mdomo. Wataona anaomba, na wenzao wanaosikia watawaambia anakubali makosa. Watakuja kuniuliza nani mwongo. Niwaelekeze kwa nani?

Nina swali moja tu, na nijibu hilo, hayo mengine yaache. Yule binti amevaa sweta. Televisheni ile haikuwa na rangi lakini nililijua. Mama alikuwa analifuma nilipoondoka nyumbani. Sufi ya kijani ilikuwa imemwishia akawa anamalizia kola kwa ya kahawia, na vifungo vitatu alivyochagua havifanani. Kwa nini alimpa yule msichana sweta langu?

Mwalimu


8 Aprili

Mwanangu,

Nimeipata. Nisubiri, tafadhali. Nimeshaanza barua nne.

Mjomba


17 Aprili

Mpwa wangu,

Sijibu marahaba maana sikusalimiwa, na sina pa kushtaki.

Nitajibu swali lako, ila lazima nipitie kwingine kwanza, vinginevyo nitalikwepa. Najijua.

Sikudanganya niliposema sikumbuki. Ningekuwa nadanganya ingekuwa nafuu. Miaka yote hii nilidhani maneno yale nimeyatunga. Nimehojiwa magazetini nikaulizwa yalinijiaje, nikajibu kwa mapozi kwamba yalinijia asubuhi moja nikinywa chai. Na nilikuwa naamini! Nilikuchukulia kilio chako, nikakiweka mfukoni, halafu nikasahau kwamba mfuko ule ulikuwa na kitu cha mtu. Ulipoandika habari ya vidole nilienda kuitazama tena ile picha. Binti anamshika Nahodha mkono wa shati, na Nahodha anambandua vidole kimoja kimoja. Niliandika hata hilo. Nilikaa mbele ya kioo nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona katika umri wangu, ya kutaka kujificha, na nyumbani kwangu hayumo mtu ila mimi.

Sasa Jumamosi ile. Mama yako alikuwa zamu kila Jumamosi kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nadhani hujasahau. Ndiyo maana ilikuwa mimi niende. Alimaliza kulifuma lile sweta Ijumaa. Alilikunja kwenye karatasi ya khaki, akanipa mkononi, akasema, "Mwambie nimelifanya kubwa makusudi, anakua." Asubuhi nililiweka kwenye kiti cha gari. Kisha nikasema ngoja niandike ukurasa mmoja ndipo niende. Maneno yako yalikuwa yananizunguka kichwani tangu getini. Nikakaa. Nilipoinua kichwa saa za kutembelea zilikuwa zimepita na nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nane. Jumamosi uliyokuwa ukiningoja, mimi nilikuwa mezani nakuandika wewe unaningoja. Sina namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Mama yako alirudi kutoka kazini akauliza kama hujambo. Nikasema hujambo, sweta umelipokea, umenenepa kidogo, unamsalimu. Ningeweza kusema ukweli, nisingepungukiwa chochote. Jumamosi iliyofuata ningekuletea. Lakini nilishasema umelipokea, sasa nikija wewe utamwandikia mama yako kwamba mjomba ndiyo kwanza amekuja. Kwa hiyo nikaogopa kuja. Kila Jumamosi nilikuwa natoka na gari, nazunguka, nakaa kwenye maktaba, narudi na salamu zako za uongo. Nilikuwa nazitunga vizuri, zina vichekesho. Yeye alikuwa anacheka.

Sweta likakaa kwenye gari. Wiki ya kupiga picha, Bi Sindano wa mavazi alikuwa anahangaika, nguo zote alizomvalisha binti zilionekana mpya, za dukani. Nikasema ngoja, nina kitu. Nikaenda garini. Ndivyo ilivyokuwa. Mama yako hakumpa mtu. Nililitoa mimi.

Lilikuwa kubwa kwa yule mwigizaji, akakunja mikono mara tatu. Jioni ile mama yako akaniuliza, "Sweta linamtosha?" Nikamjibu, "Limekuwa kubwa kidogo, amekunja mikono mara tatu." Nilimweleza yule mwigizaji, unaelewa? Nilimwambia nilichokuwa nimetoka kukiona.

Kisha akatazama mchezo. Tulikuwa sebuleni, yeye na mimi na majirani. Binti alipotokea na sweta lile, mikono imekunjwa mara tatu, mama yako aliweka kikombe chini. Mchezo ulipoisha majirani wakanipongeza, naye akasimama akaosha vyombo. Hakuniuliza siku ile, wala mwaka ule, wala akiwa kitandani mwishoni. Sindano za kufumia hakuzishika tena. Nilijiambia ni macho. Sikuwa na mtu wa kunibishia, nikajikubalia.

Niambie nifanye nini kuhusu tarehe 28. Naweza kuwakatalia wasiionyeshe. Lolote utakalosema.

Mjomba wako


23 Aprili

Mjomba,

Nimesoma barua yako darasani watoto wakiwa wanachora. Mmoja alikuja akanifuta uso kwa karatasi yake ya kuchorea, sasa nina rangi ya machungwa kwenye kola.

Kuna jambo ambalo wewe hulijui. Wiki ile baada ya mchezo kuonyeshwa, Mama alikuja. Siku ya Jumatano, si siku ya kutembelewa, alibishana na mlinzi mpaka akaruhusiwa. Alikuwa na sare ya kazini, mikono imekwajuka kwa sabuni, na hakubeba kitu chochote. Tukaketi kwenye benchi la nje ya ofisi. Alikuwa ananishikashika mabega na mikono, kama mtu anayepima nguo. Akaniuliza, "Unasikia baridi hapa?"

Sasa najua alikuwa anauliza nini. Alitaka nimwambie kama nililipata sweta. Alishaona na macho yake, lakini alitaka kusikia kwangu, labda kuna mawili, labda macho yamemdanganya. Mimi nikadhani ananidhihaki. Mikono mitupu, sweta kampa msichana wa televisheni, halafu ananiuliza baridi! Nikamjibu, "Sisikii chochote." Ndipo akauliza kama niliuona mchezo, nikasema umeme ulikatika. Alipoondoka hakugeuka nyuma, nami nikasema moyoni, vizuri.

Kuanzia hapo nilikuwa namwita Mama na kumtumia nilichoweza na kumuuguza alipougua, kila kitu kwa wajibu, kama mtu anayetimiza zamu. Alifariki akidhani ameshindwa kunifikishia nguo. Mimi nilimzika nikidhani hakunipenda. Sote wawili tulikuwa tunanyamazia kitu kimoja. Wewe ulitutungia tusiongee, lakini mdomo ulikuwa wangu, na ningeufungua siku ile kwenye benchi ungekwisha mchezo. Ningemuuliza tu: Mama, sweta langu liko wapi? Maneno matano.

Sina nguvu ya kukutukana. Nilidhani ningekuwa nayo.

Kuhusu tarehe 28: wasiizuie. Wasiweke msichana wa kuingiza sauti. Waiache kimya kama ilivyo na maneno yaandikwe chini, yale ya kweli. Na kwenye mahojiano usinitaje mimi. Mimi nilishataja yangu. Wewe taja yako.

Mwalimu


2 Mei

Mpwa wangu,

Sijui kama ulitazama. Nikueleze hata hivyo.

Kijana mtayarishaji aliniuliza yale maneno ya mwisho yalinijiaje, akitabasamu, ameshayasoma majibu yangu ya magazetini. Nikasema hayakunijia, niliyachukua. Nikasema palikuwa na mtoto aliyeniomba jambo na mimi badala ya kumjibu nilikwenda nyumbani nikamwandika, na nguo aliyofumiwa na mama yake nikaipeleka kwenye mchezo, na nikamdanganya mama huyo mpaka alipokufa. Akadhani nimechanganyikiwa. Akasimamisha kamera akasema, Mzee, turudie, kwa wepesi kidogo. Nikamwambia mimi ni kiziwi, sijasikia. Mara tatu. Mwishowe walirusha nusu yake tu, pale ninaposema "niliyachukua" na ninaposema "nikamdanganya". Bila ya katikati nimeonekana mwizi tu, na sioni kosa lao.

Dakika nne zilipita kimya, maneno chini kama ulivyotaka. Sebuleni kwangu walikuwepo majirani kama zamani. Hakuna aliyenipongeza. Mama wa mlango wa pili, ambaye tangu ahamie ananiita Mwandishi, asubuhi alinisalimu "habari za asubuhi" akapita. Dada wa duka la dawa alinipa dawa na chenji, akaniangalia machoni, wala hakucheka. Nimegundua nilikuwa napenda wanicheke.

Ngao nimeitoa ukutani. Pamebaki alama nyeupe, kubwa kuliko ngao yenyewe sijui kwa nini.

Nilipomaliza mahojiano niliomba kuonana na Bi Sindano. Bado yupo, anastaafu mwaka huu, amekuwa mdogo mdogo. Sikumaliza sentensi. Alisema, "Lile la kola ya kahawia? Nilijua siku moja mtu atalifuata, lile halikuwa nguo ya mchezo." Alipanda ngazi mwenyewe, akanikataza nisimshikie. Lilikuwa kwenye boksi lenye namba, limewekewa dawa ya nondo, wadudu wasiliguse. Hakuna aliyelivaa tena.

Limo humu kwenye kifurushi. Sikulifua wala kulipiga pasi, wala sikuikunjua ile mikunjo ya mikono, ndivyo alivyoiacha mwigizaji. Nimechelewa kulifikisha kwa miaka thelathini na moja. Mama yako aliagiza niseme hivi: amelifanya kubwa makusudi, unakua.

Samahani. Neno hilo nimeliandika mwishoni kwa sababu kila nilipoliweka mwanzo lilionekana linaomba kitu. Haliombi.

Mjomba


11 Mei

Shikamoo, Mjomba.

Kifurushi kimefika Alhamisi. Nilikiacha mezani siku mbili. Leo asubuhi, shule imefungwa, nimekifungua.

Linanuka dawa ya nondo tu, hakuna cha Mama ndani yake, nilinusa kila mahali. Kijani kimepauka, imebaki rangi isiyo na jina. Nimekunjua mikono, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani ya mikunjo kijani bado kile kile cha siku ile sebuleni, Mama kakaa karibu na dirisha, mpira wa sufi umebingirika chini ya meza nami naurudisha kwa mguu bila kumtazama kwa sababu nimenuna.

Nimelivaa. Nina miaka arobaini na sita na nimeongezeka kama unavyojua. Limenitosha, Mjomba. Mikono imefika hapa hapa kwenye vifundo. Sijui alipimaje.

Mahojiano niliyaona, na watoto waliyaona. Mmoja aliniuliza kwa mikono yule mzee alimdanganya nani. Nikamjibu, mama yangu. Akaniuliza, sasa yuko wapi? Nilianza kumwambia Mama alishafariki, akanikatiza kwa kidole: si mama, mzee. Nikasema yuko nyumbani kwake, peke yake, hasikii. Akaenda kucheza.

Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa natunga, na tumeshatunga vya kutosha katika familia hii. Kuna siku naamka nikiwa sawa, kuna siku nakumbuka kile kikombe alichokiweka chini, na siku hiyo sitaki hata kuona mwandiko wako.

Lakini Jumamosi ijayo nipo nyumbani tangu asubuhi. Kengele ya mlango wangu haina sauti, inawasha taa ndani, kwa hiyo ukibonyeza usingoje kusikia kitu, mimi nitaona. Sikwambii uje. Nakwambia nipo.

Kelele